Rekodi za Miliki ya Umma Mtandaoni na Swali la Mwenye Sauti: Uchambuzi Kutoka Isinya

Rekodi za kale za sauti na picha zilizochukuliwa Kenya na nchi jirani zimetawanyika katika maktaba na hifadhi za Washington, London, Berlin na Makhanda, ilhali watu wanaozihitaji zaidi wamo mahali kama Isinya, Kitengela na Kajiado: walimu wanaofundisha historia ya kaunti, watangazaji wa redio za Kimaasai, kwaya zinazotafuta mahadhi ya zamani, na vijana wanaotengeneza filamu fupi kwa simu kisha kuzipakia mtandaoni. Intaneti imepunguza umbali huo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo, rekodi kupatikana ni jambo moja, sheria kuruhusu itumiwe ni jambo la pili, na jamii ambayo sauti yake imo ndani ya rekodi hiyo kuridhika ni jambo la tatu. Mambo haya huchanganywa mara kwa mara, na mtafutaji asiyeyatenga hupata hasara ya namna mbili: ama hujinyima rekodi zilizo halali kwake, ama hutumia zisizo halali akidhani ni za bure.

Miliki ya umma ni hali ya kazi ya ubunifu ambayo hailindwi na hakimiliki, ama kwa sababu muda wa ulinzi umekwisha, ama kwa sababu mwenyewe ameiachilia, ama kwa sababu haikuwahi kulindwa katika nchi husika. Kazi iliyofikia hali hiyo inaweza kunakiliwa, kuhaririwa, kuchezwa hadharani na hata kuuzwa pasipo ruhusa wala malipo. Tafsiri hii ni finyu kuliko matumizi ya kila siku ya neno “bure”, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Filamu ya maisha ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979, ambayo imetafsiriwa kwa Kimaasai, hutazamwa mtandaoni bila malipo. Masimulizi ya Biblia ya shirika la Global Recordings Network, lililoanzishwa mwaka 1939, hupakuliwa bila malipo. Na mwezi Aprili 2014 kampuni ya British Pathé ilipakia YouTube filamu za habari zipatazo 85,000, zikiwamo za Kenya ya kikoloni. Hakuna hata moja kati ya hizi inayogeuka kuwa miliki ya umma kwa sababu tu haina kiingilio, kwani mwenyewe amewaalika watazamaji bila kuwaachia mali yake. Kati ya ncha hizi mbili zipo kazi zenye leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutolewa mwaka 2002: mwenyewe hubaki na hakimiliki lakini hutangaza mapema kile anachoruhusu, kwa mfano kunakili kwa sharti la kumtaja. Leseni moja tu katika jamii hiyo, iitwayo CC0, inakusudia kuachilia haki zote, na ndiyo iliyo karibu zaidi na miliki ya umma.

Nchini Kenya, kipimo cha msingi kimo katika kifungu cha 23 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Matangazo ya redio na televisheni kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka yaliporushwa. Na filamu kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipofikishwa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, ikihesabiwa tarehe iliyo ya mwisho. Kazi za maandishi na za muziki, yaani maneno na melodia vikitengwa na rekodi yenyewe, hulindwa hadi miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mtunzi. Kifungu cha 45 nacho kinaeleza kwamba kazi huingia katika miliki ya umma muda wake unapokwisha, mwenyewe anapozikana haki zake, au inapokuwa kazi ya kigeni isiyolindwa nchini. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa rekodi yoyote ya sauti iliyofanywa kabla ya mwaka 1975 umekwisha Kenya, ukitazamwa kama ulinzi wa rekodi pekee.

Maneno hayo ya mwisho, “rekodi pekee”, ndiyo yenye uzito. Wimbo uliorekodiwa una tabaka kadhaa za haki: ya mtunzi wa maneno na melodia, ya mwimbaji na wapigaji ala, na ya mtayarishaji aliyeirekodi sauti. Wimbo “Malaika” unaonyesha jambo hili vizuri. Rekodi za mwimbaji Fadhili William za miaka ya 1960 zimekwisha muda wa ulinzi wa rekodi nchini Kenya. Fadhili mwenyewe, hata hivyo, alifariki mwaka 2001, na ikiwa yeye ndiye mtunzi, jambo ambalo limebishaniwa kwa miongo mingi kwa kuwa Adam Salim wa Tanzania naye hutajwa kuwa ndiye aliyeutunga, utunzi huo unalindwa hadi mwisho wa mwaka 2051. Mpiga video wa harusi kule Kitengela anayeiweka rekodi hiyo chini ya picha zake kwa hoja kwamba santuri ni ya zamani, atakuwa amesoma kifungu kimoja na kuruka kingine. Nyimbo za jadi zisizo na mtunzi anayejulikana hazina tatizo hili la mtunzi mmoja, lakini zina tatizo lake, ambalo litajadiliwa mbele.

Ugumu wa pili ni kwamba hakimiliki hupimwa nchi kwa nchi, ilhali tovuti husomwa popote. Marekani ndiyo yenye hazina kubwa za kidijitali na pia sheria kali kuhusu sauti za kale. Kwa mujibu wa sheria iliyopitishwa huko mwaka 2018, rekodi za sauti zilizotolewa kabla ya mwaka 1923 ziliingia miliki ya umma tarehe 1 Januari 2022; zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 hulindwa kwa miaka 100; zilizotolewa kati ya 1947 na 1956 kwa miaka 110; na za baadaye, hadi tarehe 15 Februari 1972, hulindwa mpaka mwaka 2067. Uingereza na Umoja wa Ulaya zimeongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, lakini nyongeza hiyo haikufufua rekodi zilizochapishwa hadi mwisho wa mwaka 1962, ambazo muda wake ulikuwa umeshapita. Santuri alizorekodi mwimbaji Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 zinaweza kutumika kama mfano: kwa kipimo cha miaka 50 ulinzi wa rekodi hizo ulikwisha mwaka 1978, Siti mwenyewe alifariki mwaka 1950, na bado kwa sheria ya Marekani rekodi zilizotolewa mwaka 1928 zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2028. Mwalimu wa Isinya anayezicheza darasani hafanyi kosa lolote, ila akiipakia video yake katika jukwaa lenye makao California anaweza kukuta imezuiwa na mfumo unaolinganisha sauti kwa mashine, mfumo ambao hauna habari na kifungu cha 23 cha sheria ya Kenya.

Kwa upande wa filamu, eneo la Isinya na majirani zake lina utajiri usiotarajiwa, kwa sababu nyanda za Kapiti, zilizo mashariki mwa Isinya, na zile za Athi zilikuwa kando ya reli ya Uganda na wageni wenye bunduki na kamera walishukia huko. Theodore Roosevelt, muda mfupi baada ya kuondoka madarakani kama rais wa Marekani, alishuka katika kituo cha Kapiti mwezi Aprili 1909 kuanza msafara wake wa kuwinda, na Mwingereza Cherry Kearton alipiga filamu ya sehemu ya safari yake ya Kenya, ambayo ilionyeshwa mwaka 1910. Maktaba ya Bunge la Marekani ina mkusanyo wa filamu za Roosevelt, zikiwamo za safari ya Afrika, na inazionyesha katika tovuti yake. Filamu ya Martin na Osa Johnson iitwayo “Simba”, ya mwaka 1928, iliingia miliki ya umma Marekani tarehe 1 Januari 2024. Filamu hizo mbili, ya Kearton na ya akina Johnson, zinaweza kukatwa, kuunganishwa na kuwekewa maelezo mapya ya Kimaasai au Kiswahili, na pengine hiyo ndiyo kazi bora zaidi ambayo kijana wa Kajiado angeweza kuifanyia filamu ambazo Waafrika wamo ndani yake kama pambo la uwindaji wa watu wengine. Tahadhari moja tu: nakala iliyopakwa rangi upya, au iliyoongezewa muziki na msimulizi wa leo, ina haki mpya juu ya nyongeza hizo, kwa hiyo ni busara kutafuta nakala kavu iliyo katika hifadhi.

Filamu za baadaye zina utata zaidi. “Where No Vultures Fly” ya mwaka 1951, iliyopigwa Amboseli, ndani ya Kajiado ya leo, imepita miaka 50 ya Kenya tangu mwisho wa mwaka 2001, lakini Uingereza hupima filamu kwa miaka 70 baada ya kifo cha mwisho miongoni mwa mwongozaji, waandishi wa hadithi na mazungumzo, na mtunzi wa muziki wake. Mwongozaji Harry Watt alifariki mwaka 1987, na kwa hiyo huko haitakuwa huru kabla ya mwisho wa mwaka 2057. “Masai Women”, filamu ya televisheni ya Uingereza ya mwaka 1974 iliyopigwa Loita na kuongozwa na Chris Curling, Melissa Llewelyn-Davies akiwa mwanaanthropolojia wake, ni muhimu kuliko zote kwa mtafiti, kwa kuwa wanawake wa Kimaasai wanazungumza humo kwa lugha yao na kwa urefu. Kwa kipimo cha miaka 50 muda wake wa ulinzi nchini Kenya ulifika mwisho mwaka 2024, ingawa kwao bado inalindwa kikamilifu. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: inaweza kuwa halali kuonyeshwa katika ukumbi wa kanisa pale Isinya, na ikawa kosa kuipakia mahali inapoweza kutazamwa kutoka Manchester.

Je, mtafutaji aanzie wapi? Kazi zilizotengenezwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani wakiwa kazini hazina hakimiliki nchini humo, na Hifadhi ya Taifa ya Marekani inazo pia filamu za habari za Universal, za mwaka 1929 hadi 1967, ambazo kampuni yake ilizitoa kwa umma. Kipindi hicho kinafunika vita vya Mau Mau na uhuru wa Kenya. Internet Archive, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996, ina mkusanyo mpana zaidi wa santuri na filamu, na hutoa faili moja kwa ukubwa tofauti, jambo lenye maana kwa anayehesabu bando la simu yake. Wikimedia Commons, iliyoanza mwaka 2004, ina vitu vichache lakini uangalizi wake ni mkali zaidi, kwani kazi hutakiwa iwe huru Marekani na pia katika nchi ilikotoka. Katalogi ya filamu za kikoloni za Uingereza inaorodhesha kazi zaidi ya 6,000 na kuonyesha sehemu ndogo tu, lakini maelezo yake ya kihistoria yanastahili kusomwa hata pale ambapo filamu yenyewe haionekani. Humo mtu hukutana na jaribio la miaka 1935 hadi 1937 lililokuwa na makao Vugiri, Tanganyika, ambalo lilitengeneza filamu za mafunzo zipatazo 35 kwa ajili ya Waafrika, tatu tu kati yake zikiwa zimesalia.

Katika hifadhi zote hizi, mtu akiandika “Isinya” huenda asipate kitu, kwa kuwa wenye katalogi waliandika majina ya wakati wao. Matokeo huja kwa kutumia tahajia ya zamani ya Masai yenye “a” moja, kwa “Kapiti”, “Athi”, “Ngong” na “Southern Masai Reserve”, kwa “British East Africa” kwa miaka ya kabla ya 1920, na kwa jina la mpiga picha au la msafara badala ya jina la mahali. Kitu kikipatikana, maneno “public domain” yaliyoandikwa na aliyekipakia hayatoshi kuwa ushahidi, maana yeyote anaweza kuyaandika. Ushahidi ni nani alitengeneza kazi hiyo, lini, ilichapishwa wapi kwa mara ya kwanza, na taasisi inayoitunza inasema nini kuhusu haki zake. Kazi isiyo na majibu hayo ni afadhali iachwe, hata ikiwa nzuri namna gani. Aidha, kilichopatikana kihifadhiwe nyumbani pamoja na maelezo yake: mwezi Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao na huduma zake za sauti zikatoweka kwa muda mrefu, na mwezi Oktoba 2024 Internet Archive nayo ikapigwa. Kiungo kilichoandikwa kwenye daftari la mwalimu si maktaba.

Kuhusu sauti za Afrika Mashariki zenyewe, hazina mbili zinafungua swali ambalo sheria ya hakimiliki hailigusi. Hifadhi ya fonogramu ya Berlin, iliyoasisiwa na Carl Stumpf mwaka 1900, ina silinda za nta zilizorekodiwa katika koloni la Wajerumani, zikiwamo za Karl Weule aliyesafiri kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1906 akiwa na fonografu na kamera ya sinema. Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954 na ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes kule Makhanda, Afrika Kusini, ina rekodi alizofanya Kenya, miongoni mwazo wimbo maarufu wa Wakipsigis “Chemirocha”, uliorekodiwa Kapkatet mwaka 1950. Katikati ya miaka ya 2010, ILAM ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilirejesha nakala kwa jamii zilizorekodiwa. Ikumbukwe kwamba kwa zaidi ya miaka 60 waimbaji hao hawakuwa na njia ya kujisikia wenyewe, wakati santuri zao zilikuwa zikiuzwa na kusomwa nje. Rekodi kama hizi huitwa huru kwa sababu hesabu ya miaka humhusu aliyeshika mashine; aliyesimama mbele ya mashine hakuhesabiwa kuwa na chochote cha kuisha muda. Huu ni upungufu wa sheria yenyewe, na haufai kufichwa nyuma ya sifa za kushirikishana maarifa.

Kenya imejaribu kuujaza upungufu huo. Ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mrabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni, Nambari 33 ya mwaka 2016, inalinda nyimbo, ngoma, hadithi na matambiko ya jamii bila kikomo cha miaka maadamu bado ni sehemu ya utambulisho wake, tena inadai ridhaa ya jamii kabla ya matumizi ya nje. Athari yake ni kwamba rekodi ya mwaka 1950 inaweza kuwa huru kama rekodi, na wimbo uliomo ukabaki wa jamii. Kwa Wamaasai jambo hili si nadharia. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza Enkipaata, Eunoto na Olng’esherr, sherehe tatu za kupanda rika za wanaume, katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, na Olng’esherr ilifanyika Maparasha, Kajiado, mwaka 2020. Nyimbo za sherehe hizi zina mahali pake na wakati wake. Kuichukua sauti ya Eunoto kutoka hifadhi ya ng’ambo na kuitandika chini ya tangazo la viwanja vya Kitengela, hata kama miaka 50 imepita, ni utovu wa adabu kwa kipimo cha wazee, na chini ya sheria ya 2016 unaweza kuwa kosa pia.

Wapo wanaoona kwamba ulinzi wa namna hii utawafungia milango hata wenyeji. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana ridhaa ya jamii si rahisi kuitafuta: Wamaasai wana sehemu nyingi, wako nchi mbili, na aliyeko Isinya katika eneo la Ilkaputiei hawezi kuisemea Loita. Lakini uzoefu wa jamii ya Wamaasai ya Il Ngwesi, kule Laikipia, unaonyesha njia inayofaa zaidi kuliko mabishano. Mwaka 2008 wanajamii wawili wa huko, pamoja na mtaalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walipata mafunzo Marekani katika Maktaba ya Bunge na Chuo Kikuu cha Duke, chini ya mpango wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani, kisha jamii ikapewa vifaa vya kurekodia. Waliorudi walirekodi wenyewe, kwa hiyo haki ya mtayarishaji na haki ya jamii zilikutana mkononi mwa watu walewale, na uamuzi wa kipi kitolewe kwa dunia na kipi kibaki nyumbani ukawa wao. Kijana wa Isinya mwenye simu nzuri na kipaza sauti cha bei nafuu anaweza kufanya vivyo hivyo leo, akamrekodi bibi anayekubali kurekodiwa, akaandika jina, mahali, tarehe na masharti, kisha, kama wote wameridhia, akaiachilia rekodi hiyo chini ya CC0. Miliki ya umma ya aina hii haitokani na kusubiri watu wafe.

Imebaki hazina iliyo karibu zaidi na isiyozungumzwa vya kutosha. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, televisheni ikafuata mwaka 1962, na kanda za kituo cha zamani cha Sauti ya Kenya ziko chini ya Shirika la Utangazaji la Kenya, huku Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa na Tume ya Kudumu ya Muziki ya Rais nazo zikitunza rekodi zao. Ulinzi wa matangazo yote yaliyorushwa hadi mwisho wa mwaka 1974 umekwisha kwa mujibu wa kifungu cha 23, na kila Januari mwaka mwingine unaongezeka. Lakini sheria inayomaliza hakimiliki haimlazimishi mwenye kanda kuzifungua, wala haimlipi fundi wa kuzihamisha kabla hazijaoza. Taasisi hizo zichapishe orodha ya kanda zilizopita miaka 50, mwaka kwa mwaka na lugha kwa lugha, na Kaunti ya Kajiado, ambayo sheria ya 2016 imeipa jukumu la kutunza daftari la urithi wa jamii zake, ikae na wazee wa kila sehemu ya Wamaasai kuamua zipi kati yake zifike shuleni na redioni.